Leo nimeomba nyumba ambayo tayari nakaa ndani yake

Leo mdomo wangu karibu unilaze nje.

Nilipeleka chapati za kuuza kwenye mkutano wa jiji hapa Jinja. Makansela, yaani madiwani wetu, walikuwa wanabishana kama jiji lijenge nyumba za kupangisha watu wa kipato kidogo kwa bei nafuu.

Spika akasema wananchi pia waongee.
Nani alisimama kwanza? Mimi, na beseni langu la chapati.

"Bwana spika, jengeni. Mwenye nyumba wangu kule Walukuba ni mkali kushinda afande. Ukipika maharage anakuuliza yatachemka mpaka lini."

Watu wakacheka. Mimi nikaongeza chumvi.

Halafu nikasikia sauti nyuma yangu: "Maliza, nakusikiliza."

Hajati. Mwenye nyumba mwenyewe.

Jamani, niliona godoro langu liko barabarani.

Hajati akasimama. "Ile nyumba ni yangu. Kama hataki, atoke leo."

Karani wa jiji akauliza, "Namba ngapi, Hajati?"
Akaitaja kwa maringo.
Karani akafungua kitabu. "Hii ni nyumba ya jiji. Wewe ni mpangaji wetu, huruhusiwi kupangisha mwingine. Kesho nakuja, na nikikuta kweli umepangisha mtu, tunaichukua."

Kumbe miaka yote hii nalala ndani ya kitu ninachoomba!

Tulipotoka nje, Hajati akanishika mkono polepole.
"Mtoto wa dada yangu, umekula?"

Sasa nyinyi mnaonijua, nishaurini. Kesho karani akija, mimi ni mpangaji ama ni mtoto wa dada?

Mjue tu kwamba pilau ya Hajati nimeshakula, na nyama aliniwekea mara mbili.