Mlango Uliofungwa kwa Nje

Watu wa Makote wakimtaja Oliva, Mama Selestini, hucheka kwanza. Ndiye mwalimu wa watoto wa Jumapili kanisani, na ndiye anayeogopa mvua kuliko kuku. Wingu likiingia weusi kidogo tu, yeye keshaingiza kuni, keshaanua nguo, keshapanda kitandani na kukunja miguu. Na huku ni Newala, uwanda wa juu usio na mto wala chemchemi, ambako maji ya kunywa ni yale yaliyoteremka kwenye bati na kuingia tangini. Mvua huku huombewa. Kumwona mtu akiikimbia ni kama kumwona mkulima akizikimbia korosho zake.

Wanaocheka hawajui habari ya Ethel. Oliva alizaliwa kule chini, Lisekese ya Masasi, na Ethel alikuwa dada yake mkubwa. Siku moja Ethel alikuwa akirudi kutoka shambani, akakivuka kijito ambacho siku zote maji yake hayakufika magotini. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, mbali, na maji yakaja bila kupiga hodi, yakamchukua. Alasiri ile, watu wakiwa bado wanapekua matete kumtafuta, jua likatoka na upinde wa mvua ukasimama juu ya miamba, mzuri ajabu. Mama yao akautazama mara moja tu, akageuza uso. Oliva alikuwa mtoto, lakini aliona. Tangu hapo, upinde ukitokea, naye hugeuza uso.

Basi Mungu, mwenye mambo yake, akamfanya mwalimu wa watoto. Mvua za kwanza zikianza hufundisha habari za Nuhu. Huchora safina ubaoni, na watoto hugombea nani awe simba na nani awe tembo. Hadithi yote anaiweza isipokuwa mahali pamoja, pale ambapo familia imekwisha kuingia na Mungu mwenyewe anaufunga mlango kwa nje. Hapo hupita mbiombio. Mwaka mmoja binti mdogo aitwaye Agatha aliinua mkono.

"Mwalimu, waliobaki nje walibisha hodi?"

"Tuimbe," akasema Oliva.

Kisha humalizia kwa agano, kwamba maji hayataangamiza tena kila chenye mwili, na upinde ndio alama yake. Watoto hupiga makofi. Aliyelipokea agano hilo kuliko wote ni mwanawe wa pekee, Selestini. Utotoni alikuwa akilia radi ikipiga, na mama yake, ambaye mwenyewe alikuwa akitetemeka chini ya shuka lilelile, alimnong'oneza: usiogope, Mungu aliapa. Alimnong'oneza mvua hadi mvua mpaka woga ukamtoka kabisa. Kazi nzuri. Sasa Selestini ni mtu mzima, ana mke na mtoto, na hana hata ule woga ambao mtu mwenye akili anauhitaji.

Maana alikwenda kujenga ukingoni mwa korongo. Pana upepo, akasema, na kiwanja ni cha ukoo. Akapaua kwa bati jipya lililong'aa hadi barabarani. Korongo lile lilianza kama mfereji ambao mtoto angeuruka. Kila masika likamega mchanga mwekundu kidogo, na sasa mkorosho mzima umelala ndani yake, mizizi juu. Oliva akienda kumtembelea mwanawe hakai upande wa nyuma wa nyumba. Akisikia punje za mchanga zikiporomoka kule chini, huiacha chai na kuaga.

Mwaka huu redio ikatangaza kimbunga kinachotoka baharini. Wanaoishi mabondeni na kandokando ya makorongo wakaambiwa wahame. Oliva hakungoja taarifa iishe.

"Shikamoo, mama," Selestini akamwamkia.

"Marahaba. Fungasheni, twende kwangu."

Selestini akacheka, kicheko chake kile kikubwa. "Mama, si wewe uliyenifundisha? Mungu aliapa. Leo unataka nimwone mwongo kwa sababu ya redio?"

Oliva angemwambia nini? Kwamba yale maneno aliyomtulizia miaka yote, yeye mwenyewe hakuwahi kutulizwa nayo? Akarudi nyumbani peke yake, wingu likimfuata mgongoni.

Jirani yake Shamila, Mama Hamidu, alikuwa uani akimenya mihogo. Oliva akachukua kisu akamsaidia, akamweleza yote. Shamila akasikiliza, kisha akauliza, "Kwenye kitabu chenu, Nuhu aliingia na wanawe wote?"

"Wote watatu, na wake zao."

"Kwetu yuko mmoja aliyekataa. Baba yake alimwita, mwanangu, panda pamoja nasi. Yeye akasema atakimbilia mlimani, mlima utamlinda. Hata hawajamaliza kusemezana, wimbi likapita kati yao."

Kisu cha Oliva kikasimama katikati ya muhogo. "Kwetu huyo hayumo," akasema.

"Kwetu yumo, maskini."

Hofu iliyomshika Oliva hapo haikuwa ile ya siku zote, ya kupanda kitandani. Hii ilimwinua. Asubuhi akarudi korongoni, na safari hii hakubishana na mtu. Alimchukua mjukuu wake mkekani, akambeba mgongoni kwa kanga, akaondoka. Stella, mkewe Selestini, akamfuata mtoto, maana bado ananyonya. Selestini akamfuata Stella, maana ana njaa na kupika hajui. Hivyo ndivyo Oliva alivyoijaza safina yake, nyumba ya mlango mmoja na dirisha moja lenye nondo.

Kimbunga kikaja. Kilipiga bati mpaka watu wakawa wanazungumza kwa mikono. Migomba ikalala. Tangi lililochimbwa ubavuni mwa nyumba likajaa, likafurika, na Oliva akasikia maji yakigugumia chini ya ardhi, akakumbuka kwamba gharika ile haikutoka mbinguni tu, ilibubujika na kutoka chini pia. Alimkumbatia mjukuu hata mtoto akalia kwa kubanwa.

Kesho yake alasiri mvua ikakatika ghafla. Jua likatoka. Oliva alikuwa nje akifagia maji mlangoni alipoinua macho, na upinde huo hapo, kamili, umesimama juu ya korongo.

"Umeona, mama?" Selestini akasema kutoka ndani. Alikuwa tayari ameshika jembe. "Naenda kuangalia nyumba yangu. Mfereji wa maji ya bati utakuwa umeziba."

Oliva alimwona mama yake akigeuza uso. Akaona matete. Kabla hajajua anafanya nini, mkono wake ulikuwa umeuvuta mlango, umetia kufuli, na ufunguo umo ndani ya fundo la kanga.

Kwanza Selestini alicheka. "Mama, acha utani." Kisha akabisha. Kisha akapiga mlango kwa mpini wa jembe. Majirani wakaja, na nani asingekuja? Mwanamume mwenye ndevu zake amefungiwa ndani na mama yake kama mbuzi. Mzee Silvesta wa kanisa akasogea taratibu.

"Mwalimu, mvua imekwisha. Agano lenyewe lile pale juu."

"Nalijua, baba, nimelifundisha mimi," Oliva akasema mbele za watu bila aibu. "Mungu aliahidi hataangamiza kila chenye mwili. Hakumtaja Selestini."

Shamila akaja akasimama ubavuni mwa Oliva, akashika ufagio.

"Fungua!" Selestini akapiga kelele, na sasa hapakuwa na mzaha. "Usipofungua nitahamia Masasi, na hutaniona tena, mimi wala mtoto wangu!"

Mkono wa Oliva ukaenda kwenye fundo. Aliogopa kwamba amerukwa na akili. Aliogopa kwamba korongo halitafanya lolote, na atakuwa amempoteza mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Aliogopa zaidi kwamba litafanya. Siku zote alipopita mbiombio mahali pale pa hadithi, alikuwa akiwahurumia waliobaki nje. Hakuwahi kumfikiria aliyeufunga mlango, kwamba naye alibaki nje, na kelele zote alizisikia. Akalilegeza fundo. Ufunguo ukamwangukia kiganjani.

Ndipo ukaja mshindo, kama gunia la korosho linapobwagwa sakafuni, kisha magunia kwa magunia. Ardhi ikatikisika chini ya nyayo zao. Mbwa wakanyamaza. Harufu ya udongo mbichi ikawafikia, na nyuma yake sauti ya Mahmudu, ambaye shamba lake lipo ng'ambo ya korongo.

"Nyumba ya Selestini imekwenda! Kulikuwa na mtu? Jamani, ndani kulikuwa na mtu?"

Oliva alijaribu kutia ufunguo, ukakataa kuingia. Shamila akauchukua, akafungua yeye. Selestini akatoka, jembe bado mkononi, Stella na mtoto nyuma yake. Akatazama upande ambao bati lake lilikuwa liking'aa. Palikuwa na anga tu, na upinde bado upo, mzuri vilevile.

Akaketi kizingitini.

"Mama," akasema, "ulijuaje?"

"Sikujua, mwanangu. Niliogopa tu."

Selestini akaanza kutetemeka, mikono kwanza, kisha mabega, mpaka meno yakagongana. Oliva akaketi karibu naye, akamshika mkono. Safari hii hakumwambia asiogope.