Dawa Aliyompimia Mwololo

Mbithe aliniudhi mara nyingi, lakini kazi alikuwa anaijua. Miaka saba tulilisha panya weupe pamoja katika maabara ya chuo kimoja, si mbali na katikati ya jiji, na sikuwahi kumwona akimwumiza hata mmoja. Aliwashika polepole kwa ngozi ya shingo, akiwaongelesha Kikamba.

Mwaka 2003 Daktari Ajwang akatuletea maji ya mzizi fulani kutoka Kitui. Jina la mzizi huo silitaji, mniache. Alitaka kujua kama yanatuliza mishipa ya fahamu. Sisi tulitakiwa kuwanywesha panya, kungoja nusu saa, kisha kuangusha sinia ya chuma kando ya kizimba na kuhesabu wangapi wameruka. Siku ya kwanza niliiangusha mimi. Hakuna aliyeruka. Wote kumi walikuwa wamekaa nyuso zimeelekea ukutani, macho wazi, wanapumua tu. Nilirudi nyuma hatua moja.

"Hawa wameenda wapi?" nikamwuliza Mbithe.

Yeye hakuogopa. Aliwatazama kwa wivu, na hapo ningekuwa na akili ningemshtukia.

Maana mumewe, Mwololo, alikuwa tarishi mjini siku ya ule mlipuko wa bomu kwenye ubalozi wa Marekani, Agosti 1998. Alitoka bila hata mchubuko, ila tangu hapo kelele yoyote ilimwingiza chini ya meza. Binti yao Mwendwa, wa miaka minne, alifundishwa kula kwa mkono ili kijiko kisije kikaanguka. Baba hakuwahi kumbeba; mtoto akilia kidogo tu, mikono ya baba inaanza kutetemeka. Mbithe alitaka kitu kimoja tu duniani, huyo mwanamume aweze kumpakata mtoto wake.

Basi Mbithe akajaza yale maji ya mzizi kwenye chupa ya soda, akaitia kwenye mkoba. Akampeleka Mwololo kwa wale watu wa mizani wanaokaa kando ya barabara ya Tom Mboya, akapimwa kilo sitini na nane. Kisha akapiga hesabu ile ile tunayowapigia panya, kilo kwa kilo. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba panya huimaliza dawa mwilini haraka, na kwamba mtu hupewa kidogo sana kuliko hivyo.

Jumamosi asubuhi akamnywesha. Adhuhuri akanipigia simu. "Shiku, kuja Woodley. Kuja saa hii."

Nilikuwa Dagoretti Corner nanunua mboga. Niliziacha hapo hapo.

Mlango wa nyumba yao ulikuwa wazi. Mwololo alikuwa kwenye kochi, uso umeelekea ukutani, macho wazi. Niliijua hali ile kabla sijamsogelea, na nilitaka kurudi nilikotoka. Mbithe alikuwa jikoni anamwagia mkono wa mtoto maji baridi. Alikuwa ametoka kuanika nguo, akanieleza, Mwendwa akavuta sufuria ya chai hatua mbili tu kutoka kwa baba yake. Mtoto alipiga mayowe mpaka mama akasikia kule kwenye kamba za nguo. Baba hakugeuza hata shingo.

Nilimkimbiza mtoto zahanati mwenyewe. Walisema mkono utapona.

Jumapili baada ya kanisa nilirudi nikiwa nimejaa hasira, nimepanga kumgombeza Mbithe mpaka nichoke. Mwololo alikuwa amerudiwa na fahamu, mikono inatetemeka tena. Sikupata hata nafasi ya kuanza.

"Nilimwona akiungua," alisema Mwololo. "Nilimsikia akiniita baba. Nilijua ni Mwendwa. Sikuona tu sababu ya kuinuka."

Nilitaka alie. Hakulia. Huko nyuma ya nyumba mtu akabamiza mlango, na mara Mwololo yuko sakafuni, amejikunja, kichwa kimefunikwa kwa mikono. Tulimngoja. Alipopata sauti, ilikuwa ya kuomba.

"Mama Mwendwa, imebaki?"

Mbithe hakunitazama. Alikuwa anamfunga mtoto bendeji mpya.

"Imebaki nusu chupa," akasema.