Kampeni ya daraja kwa kadi za salamu redioni, miaka ya sabini

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na vijana mambo.

Tangu juzi naona mnagombana humu kama harakati za mitandaoni zina faida au ni kelele tu. Mimi niliwahi kuendesha kampeni kabla mtandao haujazaliwa. Naeleza ilivyokuwa, na wenye umri wangu watanisahihisha.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Shule nilishaiacha, na miguu haikutulia. Asubuhi moja nilitoka nyumbani Kalenga kwenda kununua kiberiti, nikaona lori linaelekea Mbeya, nikadandia. Kiberiti hadi leo hawajakipata.

Lori likanishusha kijiji kimoja cha milimani, ukishapita Mbeya mjini. Mvua ilikuwa imebeba daraja la miti. Nilitaka sana kujua upande wa pili kuna nini, basi nikabaki hapo hapo.

Aliyekwama kuliko mimi ni Mama Atupele. Binti yake alikuwa anakaribia kuolewa, na ukweni ni ng'ambo ya mto. Bwana harusi alikuwa kibarua wa tumbaku Chunya, kapewa ruhusa fupi, harusi ikishindikana anarudi zake kazini. Tena shangazi zake walishaanza kusema wasichana wapo hata upande wao, na kuwaoa hakuhitaji daraja.

Kwa kawaida daraja likienda, wanaume hukata miti na kujenga jingine. Lakini Mzee Ambakisye alikuwa amenunua redio, ya kwanza kijijini. Wa zamani mnazikumbuka kadi za salamu: unaandika majina ya unaowasalimia, mwishoni unaweka ujumbe, mtangazaji anasoma.

Nikasema, "Wazee, tupeleke kilio chetu redioni. Nchi nzima itasikia."

Wakanipenda ghafla. Nikapewa uenyekiti wa kampeni, na ndizi za kuchemsha.

Shida ikaanza kwenye kadi. Kila mtu alitaka jina lake.

"Mbona Ambakisye katangulia?"

"Redio ya nani?"

"Na babu yangu je?"

"Babu yako si alishakufa!"

"Kwa hiyo asisalimiwe?"

Kadi ikajaa mpaka pembezoni. Siku iliposomwa, kijiji kizima kilikuwa kwa Mzee Ambakisye. Kila jina lilipigiwa vigelegele. Mtangazaji akafika kwa marehemu babu, akasema muda hauruhusu, akaweka muziki. Daraja halikutajwa.

Watu wakaucheza huo muziki.

Kadi ya pili ujumbe nikauweka juu kabisa, majina yakafuata. Ukasomwa wote. Hapo ndipo faida ilipoonekana, wakuu. Dereva mmoja wa lori la magogo aliusikia akiwa njiani, akaja kutushushia magogo mazuri karibu na mto, bila kudai kitu. Na wasikilizaji wa mikoa mingine wakaanza kututumia pole. Kwa lugha yenu, tulitrend.

Hasara nayo ikaja na sifa. Kusikiliza kukawa ndiyo kazi. Yale magogo yalifaa mno kukalia, basi tukayakalia. Betri zikichoka tunazianika juani na kuzilinda kuku wasizidonoe. Ukimwambia mtu ashike shoka, anakujibu, "Subiri, mwenyekiti, huenda leo Tanga wametupa pole."

Siku moja kabla ya harusi, wakwe wakatokea ng'ambo. Shangazi mmoja akapaza sauti juu ya maji:

"Ninyi ndio wale wa redioni?"

"Ndio sisi!" tukajibu kwa furaha.

"Tumewasikia! Poleni sana! Sasa tunapita wapi?"

Tukayatazama magogo tuliyoyakalia.

Mama Atupele akapenya katikati yetu. Akafungua redio nyuma, akatoa betri, akazifunga kwenye pindo la khanga.

"We mama, kipindi ndiyo kinaanza!" Mzee Ambakisye akalalama.

"Betri nitawapa tukishavuka ng'ambo, baba."

Sijawahi kuona wanaume wakijenga namna ile. Mzee Ambakisye mwenyewe alibeba gogo begani. Kabla giza halijaingia daraja lilikuwa limesimama, na Atupele kesho yake aliolewa.

Kabla ya hapo lakini ilibidi mtu alijaribu daraja. Wakasema kwa sauti moja, "Mwenyekiti!" Nikavuka nikitambaa kama mtoto.

Yule shangazi akanipokea. "Mwenyeji wako nani huku?"

"Sina, mama."

"Chumba cha mahindi kipo. Lakini alfajiri unatuchotea maji ya harusi."

Nikalala juu ya magunia, nimelowa, nimefurahi.

Nilichojifunza: bila redio, yale magogo yasingetufikia. Na bila mtu wa kuizima, tungekuwa tumeyakalia mpaka leo. Pigeni kelele, wakuu, zinafika mbali. Ila mjue pia nani kwenu atatoa betri.

Mwenye kampeni iliyozaa kitu cha kushikika, aiweke hapa. Na mwenye iliyoishia kwenye pole, asione haya.