Nilipunguza Jaribio la Kufuli, Sista wa Koboko Akabeba Lawama

Jamani, kosa ni langu, na nililificha mno. Sina uso wa kumtazama mtu wa Koboko.

Hapa Arua, Uganda, nilikuwa natengeneza vikompyuta vya kulinda friji za chanjo. Joto likipanda, kifaa kinapiga king'ora. Mimi ndiye niliyeandika kufuli ndani ya kiini cha mfumo wake, ile inayozuia kazi mbili kugusa kumbukumbu moja kwa pamoja. Kila moja ingoje zamu yake.

Kufuli hiyo hujaribiwa kwa fujo. Unawasha kori zote nne za prosesa, yaani bongo nne za kifaa zinazofanya kazi kwa pamoja, unazigombanisha siku mbili mfululizo. Kama ina ubovu, kifaa kitaganda.

Sasa umeme ukakatika, tukabaki na betri ya sola. Na vijana wa Onduparaka, timu yetu ya mpira, wanacheza siku hiyo! Betri isingetosha jaribio na televisheni. Nikazima kori tatu, nikabakiza moja. Mjinga mimi! Kori moja itagombana na nani? Jaribio likapita, nikaandika "safi", nikarudi kwenye mpira.

Wiki chache baadaye kifaa kikaganda kwenye zahanati moja ya mji jirani wa Koboko. Friji ikapata joto, king'ora kimya, chanjo zote zikaharibika. Akina mama waliokuja kwa miguu na watoto mgongoni wakarudishwa nyumbani.

Nilipopata habari nikarudia jaribio kwa kori zote nne. Dakika kumi tu, kikaganda! Hapo nikajua.

Lawama ikamwangukia muuguzi wa pale, nitamwita Sista Zaituni, eti aliacha friji wazi. Nilikuwepo akihojiwa.

"Mimi iko nafunga mlango ya friji kila siku! Mashine haikulia!" Anaapa huku machozi yanamtoka.

Bosi wangu akanigeukia. "Kifaa ulikijaribu?"

"Vizuri kabisa, bosi."

Lo, ulimi huu! Sista akasimamishwa kazi.

Miezi mitatu nikaendelea kulificha. Mwishowe nikamwambia bosi ukweli. Nikafukuzwa, halali yangu. Sista akarudishwa kazini, nami nikaenda Koboko kumwomba msamaha.

Hakunitukana. Aliuliza tu, "Siku ile mimi nalia, wewe ilikuwa najua?"

Nikasema ndiyo. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Wewe unayejaribu mashine za watu, usizipunguzie mzigo ili zipite. Na ukikosea, tafadhali, sema kabla mtu mwingine hajalia mbele yako kwa kosa lako.