Saa ya Mama na Kijiti cha Paa

Kitabu kipya cha historia kilipofika katika shule niliyofundisha, karibu na Kebirigo, kurasa zake zilikuwa bado zinanuka wino. Nilikuwa mwalimu kijana, si muda mrefu tangu nitoke chuoni, na nilikifungua mbele ya darasa la sita kwa furaha ya mtu aliyezoea kufundishia vitabu visivyo na majalada. Katika sura iliyohusu maisha ya kale palikuwa na picha iliyojaza ukurasa mzima. Mwanamke aliyevaa ngozi yenye shanga amesimama mbele ya nyumba ya nyasi, mikono imelegea, macho yanatazama kando. Maelezo yalisema kwamba huyo ni mke anayemngoja mumewe arudi kutoka machungani, na kwamba maisha ya watu wake hayakuwa yamebadilika tangu zama za mababu. Chini yake kulikuwa na swali la kwanza la zoezi: watu hawa walijuaje wakati?

Mwanamke huyo alikuwa mama yangu.

Msichana wa dawati la mbele aliinua kitabu karibu na pua yake, akakishusha, akanitazama.

"Mwalimu, huyu si nyanya wa kengele?"

Darasa zima likacheka, maana alikuwa yeye hasa. Watoto wale waliamka, wakaja shule, wakaenda kanisani na wakarudi nyumbani kwa mlio wa kengele aliyoipiga mama yangu. Ndiye aliyekuwa na saa.

Sina budi kueleza jinsi mwanamke mwenye saa alivyoingia kitabuni kama mtu asiyejua wakati. Nimekwisha kuieleza habari hii mara kadhaa, na kila mara naambiwa nipunguze hasira. Sitaipunguza. Hasira hii ina sababu, na sababu hiyo inaonekana wazi kwa mtu yeyote atakayekubali kuitazama.

Baba alifariki nikiwa bado mdogo, miaka michache kabla ya uhuru. Alituachia shamba la pareto, na nyumba ya udongo na nyasi iliyojengwa vizuri, yenye paa la mviringo lililochongoka juu. Katika kilele cha paa kama hilo, kwetu, husimamishwa kijiti. Kijiti hicho humtangaza mwenye nyumba. Maadamu mume yu hai, kijiti kimesimama. Akizikwa, kinaondolewa, na mpita njia yeyote, hata asiyemjua mtu katika boma lile, akiinua macho anajua kwamba hapa mwanamume amekwisha kwenda. Sikuhitaji chuo kunifundisha kwamba jengo linaweza kusomwa. Nilijifunza kusoma paa kabla sijajifunza kusoma herufi. Kijiti cha baba kiliondolewa nami nikiangalia, na tangu siku hiyo paa letu lilisema ukweli.

Mama alikuwa Mkristo wa kizazi cha kwanza katika ukoo wake, na alikataa kurithiwa. Baba mdogo, ndugu yake baba, alikuwa tayari kumchukua kwa desturi. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini kwamba anatimiza wajibu. Mama alimjibu kwamba wajibu huo amesamehewa. Alilima pareto, akauza, akaweka akiba, na baada ya misimu mingi akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma na paa la mabati, ya kwanza upande wetu wa kilima kujengwa na mwanamke asiye na mume. Fundi alipokuwa akipiga plasta juu ya mlango, mama alimwomba msumari, akaandika mwaka kwa mkono wake kabla saruji haijakauka. Tarakimu moja ilikaa upande, na hakuruhusu irekebishwe. Ile ya nyasi ikawa jiko.

Saa ya mkono aliinunua baada ya nyumba, katika duka mjini Kisii, kwa sababu kanisa lilimkabidhi kengele. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti, na nyundo yake kipande cha chuma. Aliipiga kwa ajili ya ibada, kwa ajili ya shule, na siku za kupima pareto aliipiga ili wakulima wateremke na magunia yao. Wanaume waliokuwa na mifugo zaidi yake walimtuma mtoto kuuliza, "Mama kengele anasema ni saa ngapi?"

Ndivyo tulivyokuwa tukiishi siku Land Rover ilipopanda njia yetu.

Alishuka Mzungu mwenye kamera mbili shingoni, na dereva wake, mtu wa upande wa ziwa aliyefanya kazi katika ofisi moja ya mjini. Mama hakujua Kiswahili cha kutosha, na dereva hakujua Kigusii, kwa hiyo maneno ya mgeni yalipita kwa dereva, yakaja kwangu kwa Kiswahili changu cha shule, nami nikamfikishia mama. Mgeni alisema anatengeneza kitabu cha mila zetu. Mama alifurahi. Aliingia ndani, akatoka na gauni la kanisani, viatu, kitambaa kichwani na saa mkononi, akaenda moja kwa moja kusimama chini ya ule mwaka aliouandika.

Mgeni akatikisa kichwa. Mabati yanang'aa mno, alisema, yataharibu picha. Alitaka ile nyumba nyingine.

"Hilo ni jiko," nilitafsiri maneno ya mama.

Wakaafikiana hivi: kwanza mama asimame mbele ya jiko jinsi mgeni anavyotaka, halafu mgeni ampige picha moja mbele ya nyumba yake, na kumtumia. Kwa ajili ya picha hiyo moja mama alikubali yote yaliyofuata. Hakuwa amewahi kupigwa picha. Alitaka karatasi ambayo ingeonyesha uso wake, mlango wake na mwaka wake pamoja, ili hata akifa mtu asije kusema nyumba ile ilijengwa na mwingine.

Mgeni akatoa ngozi ndani ya gari. Sijui aliinunua wapi. Shanga zake hazikuwa za kwetu, wala za bibi yangu, wala za mtu yeyote niliyewahi kumwona. Mama aliivaa juu ya shimizi. Viatu vikavuliwa. Kitambaa kikavuliwa. Kisha mgeni akaona saa, akaguna, akaifungua yeye mwenyewe mkononi mwa mama, akanipa mimi. Niliitia mfukoni. Ilikuwa bado na joto la mkono wake.

Nilidhani yamekwisha. Mgeni akarudi nyuma, akatazama paa, akafungua kitabu chenye michoro ya nyumba zetu, akamwonyesha dereva. Katika michoro yote kileleni palikuwa na kijiti. Kwetu hapakuwa nacho. Akaamuru kiwekwe.

Dereva akaniambia kwa sauti ya chini, "Binti, hata kwetu hicho kikishatoka hakirudishwi. Mimi sipandi." Akamweleza bwana wake kwa Kiingereza, kwa heshima, na mgeni akacheka kwa upole kama mtu anayembembeleza mtoto. Akakata mwenyewe kijiti kwenye ua, akaegemeza ngazi yetu ya kuanikia mahindi, akapanda, akakichomeka. Kwa dakika zile ambazo kamera ilikuwa ikilia, baba yangu alifufuliwa na mtu asiyejua kwamba amekufa, na mkewe akavuliwa saa ili ionekane kwamba hajawahi kumzika.

Mama hakuwa ameona kijiti. Alikuwa ameambiwa asigeuke. Mimi niliona, na nilipofungua kinywa dereva alinionyesha kwa jicho kwamba wazazi hawapewi habari kama hiyo mbele ya wageni. Ndiyo maana nikangoja, na hata gari lilipokwisha kuondoka sikupata pa kuanzia.

Zamu ya nyumba ikafika. Mama alivaa tena haraka, akanipokonya saa, akaifunga, akasimama chini ya mwaka wake, mkono wa kushoto umewekwa tumboni ili saa ionekane. Mgeni akainua kamera, kamera ikalia mara moja, na gari likaondoka. Nilikuwa nimeona kifuniko cheusi mbele ya jicho la kamera, nikadhani ndivyo ilivyoundwa.

Jioni baba mdogo alikuja. Alikuja na kigoda chake mwenyewe, akakiweka karibu na moto jikoni, mahali alipokuwa akikaa baba, akanyoosha miguu. Alikuwa ametahiriwa rika moja na nusu ya kilima, na ni dhahiri nusu hiyo ilikuwa imemwambia.

"Nimeliona paa," alisema. "Ungenituma mtoto tu, mke wa ndugu yangu. Hukuwa na haja ya kunitangazia hivyo."

Mama hakuelewa. Nikamweleza mbio mbio habari ya kijiti: paa la mjane lilikuwa limetangaza kwamba ana mume tena. Akatoka nje, akatazama juu. Mwanamke kwetu hapandi paa la mumewe, akiwa hai au amekufa. Akachukua mti mrefu wa mkaratusi tuliokuwa tukiangushia maparachichi, akakipiga kile kijiti hadi kikaanguka, akakivunja gotini, akarudi ndani akakitia chini ya sufuria. Baba mdogo alitazama kinavyoungua. Mama akammiminia kikombe.

"Kunywa chai, shemeji. Imechemshwa na kile kilichokuita."

Alikunywa akamaliza. Kisha akabeba kigoda chake. Lakini maneno hayakuondoka naye. Kwa muda mrefu wapo waliosema kwamba mjane yule alisimamisha kijiti kisha akamfukuza mwanamume aliyekiitikia, na palikuwa na wazee kanisani waliotaka kengele apewe mtu mwingine.

Na mama aliendelea kuisubiri picha. Kila nilipopita posta aliuliza. Chuoni mwenzangu mmoja alikuwa na kamera, na siku ya kwanza kuishika nilikiona kile kifuniko cheusi, nikaelewa kwamba kikiwa mahali pake hakuna picha inayoingia. Likizo ilipofika nilimwambia mama kwamba hakupigwa picha, alitaniwa. Alikataa katakata.

"Mtu atoke kwao mbali hivyo aje kunidanganya kwa kifuniko?" alisema. "Picha imepotea posta."

Huko huko chuoni nilisikia kutoka kwa wenzangu waliotoka kijiji cha Tabaka jinsi wanunuzi walivyokuja kwa wachongaji wa huko wa mawe ya sabuni, yale laini yachongwayo kwa kisu. Mjomba wa mmoja wao alichonga basi, na abiria wake, na mizigo juu ya kibebeo, kazi nzuri ajabu; hakuna aliyelinunua. Walitaka shujaa mwenye mkuki, tena apakwe masizi aonekane ametoka kaburini. Nilipoisikia habari hiyo niliikumbuka ngozi ya kwenye Land Rover. Tulikuwa tukilipwa tu kwa kukubali kwamba tumekufa zamani.

Basi, siku ile darasani, nilikifunga kitabu nikawapeleka wanafunzi wote kwa miguu hadi nyumbani kwa mama. Mkuu wa shule alinikaripia baadaye. Tulimkuta akianika pareto kwenye mkeka. Msichana wa dawati la mbele ndiye aliyempa kitabu.

Mama alijipangusa mikono, akaitazama picha. Kwanza alicheka, kwa sababu ya ile ngozi. Kisha kidole chake kikapanda paa hadi kileleni, kikasimama. Kisha kikashuka hadi kwenye mkono uliokuwa mtupu.

"Fungueni mbele," aliwaambia watoto. "Iko nyingine. Nimesimama hapa." Akaonyesha mlango.

Wakafungua. Vitabu vingi vilifunguliwa pale uani kwa pamoja, wakatafuta ukurasa kwa ukurasa, kwa bidii ambayo sijawahi kuiona darasani, maana walitaka kumpatia. Walitafuta hadi jalada la nyuma. Mmoja akaanza upya. Mama alikuwa amesimama chini ya mwaka wake, mkono wa kushoto tumboni, kama siku ile, na nadhani hakujua kwamba amesimama hivyo.

"Basi hakunipiga," alisema.

Hakulia. Aliniuliza maneno yaliyo chini ya picha yanasema nini, nikamsomea kwa Kigusii, mume na machunga na mababu. Akataka kujua na lile swali. Nikamsomea. Akauliza jibu lake, nikamwambia kwamba kitabu cha mwalimu kinasema walitazama kivuli na kusikiliza majogoo.

Mama aliinua mkono, akaitazama saa yake, kwa kuwa wakati wa kengele ya mchana ulikuwa umekaribia. Akaanza kwenda kwenye rimu, akageuka.

"Waambie waandike kwamba saa ilikuwa mfukoni mwa binti yangu."

Wakaandika. Hilo ndilo jibu nililolifundisha, na sikufundisha jingine. Mtihani wa pamoja wa shule za jirani ulipokuja, swali lile lilitolewa neno kwa neno, na wanafunzi wangu wakajibu walivyofundishwa. Karatasi ziliporudi kila mmoja alikuwa na alama ya kosa pale pale, ya kalamu nyekundu, na wazazi wawili walikuja kunilalamikia. Mama alipouliza wamefanyaje, nilimwambia wote wamekosa.

"Wote?"

"Wote, Mama."

"Hata yule wa mbele?"

Nikamwambia hata yule. Akaendelea kuchambua pareto, kisha akasema nimletee mpiga picha kutoka mjini, wa kulipwa, na kwamba kabla hajaanza niikague kamera yake kwa mkono wangu.