Kijiti Chekundu cha Reli ya Mgodini

Sheria ya kijiti niliileta mimi, jatelo, yaani kiongozi wa wachimbaji. Mgodini kwetu Osiri reli ni moja tu, na toroli mbili ziligongana gizani zikamvunja Ouma mguu. Tangu hapo, hakuna kusukuma toroli bila kijiti chekundu, nacho ni kimoja tu, mkononi.

Juzi kijiti kikakosekana, kazi ikasimama. Nikamfokea Odhiambo, mlinzi wa upande wa pili, nikaapa kwamba nilimpa. "Wewe utaua watu. Enda nyumbani."

"Sawa, jatelo," akasema polepole. "Lakini tuombe kwanza."

Sisi, kwa imani yetu, hatuombi na gambuti, buti ndefu za mpira, miguuni. Nikavua yangu, na kijiti nilichokuwa nimekichomeka humo, ili nisukume kwa mikono miwili, kikaangukia reli.

Ouma, mkongojo kwapani, ndiye aliyeinama kukiokota.