Ashuke Kwanza Mwenye Gari

Usiku kucha nilimngoja dereva aniletee mwanangu Kabibi kutoka hospitali, au habari zake. Dereva huyo hujitolea kuwabeba wazee na walemavu wa Muyeye. Nimemtazama miaka minne: huvua viatu kabla ya kumbeba mtu, asije akateleza naye, na akifika hamsalimu yeyote mpaka afungue mlango wa nyuma. Nikimkaribisha husema, "Ngoja, mama. Ashuke kwanza mwenye gari." Kabibi, ambaye hajawahi kutembea, hucheka kuitwa hivyo.

Alfajiri gari likasimama. Akashuka na viatu vyake miguuni, akaja mpaka kizingitini.

"Hujambo, mama," akasema kwa sauti ndogo.

Nikautazama mlango wa nyuma. Ulibaki umefungwa.